Skrini ya foleni ilikwama, na diski haikuwa na kosa

Skrini yetu ya kuita namba za wagonjwa ilikuwa ikikwama, na wiki tatu nzima niliambiwa kosa ni diski. Fundi aliyeitwa akaigonga seva kwa kidole, akasema, "Hii imechoka, nunua diski ya SSD." Tukatoa laki na kitu, tukahamisha kila kitu, na Jumatatu dada wa mapokezi akanipigia: "Kaka, namba zimelala tena." Skrini imeganda kwenye 14, dirishani wameshafika 31. Wagonjwa, wengine wazee, wameikodolea macho na hakuna anayeinuka. Iliniuma.

Mfumo wetu unaendeshwa ndani ya kontena la Docker, yaani boksi linalotenga programu na mafaili yake, kwenye kerneli (kiini cha Linux) ya 3.10. Programu moja inaandika namba kwenye faili la foleni, nyingine inalisoma na kurusha kwenye skrini. Nilikuwa nimeshaweka fsync, amri ya kulazimisha data iandikwe diskini, baada ya kila mstari, bila mafanikio. Lakini kitu kimoja kilinikaa kichwani: nikizima na kuwasha kontena lilelile, linapona, nikiliunda upya baada ya kusasisha, ugonjwa unarudi. Diski gani inaumwa kwa kuchagua hivyo?

Usiku nikawasha nakala ya mfumo kwenye kompyuta yangu ya majaribio, ikakwama vilevile. Nikaingia /var/lib/docker/overlay2, folda ambamo Docker hutunza mafaili ya kontena kwa matabaka, nikalitafuta faili la foleni kwenye tabaka la chini, lile linalotoka kwenye picha ya kontena (kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho), nikalisukumia 99 kwa amri ya echo. Skrini ikaonyesha 99! Nilisimama. Programu inayosoma ilikuwa imeshika faili la chini, inayoandika inaandika la juu, kwenye tabaka la kontena lenyewe, na yote mawili yana jina moja. (Usijaribu hili kwenye seva ya kazi, tabaka la chini halitakiwi kuguswa kontena likiwa hai.)

OverlayFS, mfumo wa faili unaounganisha matabaka hayo, ndivyo inavyofanya. Faili likifunguliwa kwa kuandikwa mara ya kwanza, linanakiliwa lote kwenda tabaka la juu. Programu iliyolifungua mapema kwa kusoma tu inabaki na lile la zamani. Unataka kuhakikisha? Kwenye kontena jipya:

exec 3<foleni.txt
echo 15 >> foleni.txt
cat <&3

Mstari wa kwanza unalifungua faili kwa kusoma, wa pili unaliongezea 15, wa tatu unasoma lile lililofunguliwa mwanzo. Kwangu 15 haikutokea. Nikalifungua upya kwa cat foleni.txt, hiyo hapo.

Dawa ikawa mstari mmoja kwenye skripti ya kuanzia: touch foleni.txt, amri inayoligusa faili bila kubadilisha yaliyomo, kabla programu yoyote haijaamka. Faili linapanda juu, wote wanafungua lilelile. Kwa faili la gigabaiti kadhaa usifanye hivyo, maana linanakiliwa zima hata ukigusa baiti moja. Liweke kwenye voliyumu, hifadhi ya Docker iliyo nje ya matabaka. Baadaye hata la foleni nililihamishia huko.

Kerneli za kuanzia 4.19, ya mwaka 2018, zimerekebisha usomaji wa namna hii, nasi tutapandisha yetu. Jumatatu iliyofuata nilikaa mapokezi tangu asubuhi. Dirishani wakaita 32, skrini ikaandika 32, na bibi mmoja mwenye fimbo akainuka bila kuitwa mara ya pili.