Shahidi Asiyekuwa Mama

Kijana wangu alikuwa na miaka 17 tulipofungua fomu ya kuomba nafasi chuoni, na kurasa mbili za mwanzo zilikwenda vizuri: jina, tarehe ya kuzaliwa, masomo aliyosoma. Ukurasa wa tatu ulimtaka ataje mtu anayemfahamu kitaaluma, na chini yake, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba mtu huyo asiwe mzazi wala ndugu. Aligeuka akanitazama. “Mama, niandike nani?” Sikuwa na jibu. Kwa miaka sita nilikuwa mwalimu wake wa hisabati, wa lugha, wa sayansi na wa historia. Nilikuwa pia mkuu wa shule, mtunza kumbukumbu na mpiga kengele. Hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja aliyewahi kusahihisha kazi yake.

Nawaandikia wazazi wanaosomesha nyumbani watoto wa miaka 13 au 14, kwa kuwa wao bado wana muda. Tunapoanza safari hii, hofu yetu kubwa huwa ni kama tutaweza kufundisha. Watoto wakifika umri wa sekondari, hofu hiyo hupungua, maana kijana aliyezoea kujisomea hakosi pa kujifunzia: chuo kikuu cha Marekani cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, imekuwapo tangu 2008. Kinachobaki kuwa kigumu ni ushahidi. Chuo kikuu, chuo cha ufundi na hata mwajiri wa kwanza hutaka neno la mtu asiye na sababu ya kumpendelea mwombaji, na mama, hata awe mkweli kiasi gani, hahesabiwi. Zamani jambo hili lilinikera. Siku hizi naona wana haki.

UCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, haukubali barua ya mapendekezo iliyoandikwa na mtu wa familia. Marekani ni wapole zaidi, kwani huko kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 na vyuo vingi hupokea hati ya masomo na alama iliyotayarishwa na mzazi mwenyewe. Hata hivyo, hati hiyo inapaswa kuwa na kitu cha kuitegemeza. Tulipoandaa ya kijana wangu, tulilazimika kuijenga upya miaka minne kutokana na madaftari yaliyokuwa ndani ya sanduku, mengine hayana tarehe, na nikagundua kwamba somo lisiloambatana na jina la kitabu, mwezi lilipoanza na angalau kazi moja iliyosahihishwa ni madai tu. Kipimo cha Wamarekani cha saa 120 kwa somo moja katika mwaka kilinisaidia kukadiria, lakini kukadiria baada ya miaka minne si kuweka kumbukumbu.

Shahidi anayefahamika kuliko wote ni mtihani wa nje. Mtahiniwa wa kujitegemea hana shule ya kumsajili, kwa hiyo ni lazima atafute kituo kitakachokubali kumpokea, ajisajili mapema na alipe mwenyewe. Mimi nilipiga simu mwezi Machi kuulizia mtihani wa Mei, nikajibiwa kwa upole kwamba usajili ulikuwa umefungwa tangu Februari. Masomo ya sayansi yana mtego wa ziada. Katika IGCSE za sayansi za Cambridge, yaani mitihani ya kimataifa ya sekondari, asiye na maabara anaweza kufanya karatasi mbadala yenye maswali ya kuandika kuhusu majaribio, ila akifika A Level, ngazi inayofuata kabla ya chuo kikuu, atatakiwa kufanya vitendo vyenyewe, na si kila kituo kitakubali kumfungulia mgeni maabara yake. Kijana anayetaka uhandisi au udaktari anahitaji mzazi aliyeyajua haya miaka miwili kabla.

Mtihani, pamoja na uzito wake, huja mara moja na kuondoka. Nilichokikosa hasa ni mtu wa kumsoma mwanangu mwaka mzima. Kwa binti yangu nilijirekebisha: alipofikisha miaka 14, nilimwomba mwalimu mstaafu wa lugha awe anasahihisha insha zake, moja kila wiki mbili. Insha ya kwanza nilikuwa nimempa alama 78 kabla hatujaituma. Ilirudi na alama 54, na aya ya pili ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa: “Unadai nini hapa?” Binti alijifungia chumbani hadi jioni. Nami, nakiri, niliumia kuliko yeye, nikaichukua insha ile nikaisoma tena nikiwa nimekusudia kumtetea. Nilipofika aya ya pili nilikwama. Dai halikuwapo. Nilikuwa nimelisikia siku mbili kabla, tukiwa tunaosha vyombo, alipokuwa akinieleza anachotaka kuandika. Nilipofika kwenye karatasi nikasoma yale maelezo ya mdomo na kuyapa alama. Nikajiuliza ni mara ngapi kwa miaka yote ile nilikuwa nimefanya hivyo kwa kaka yake.

Kaka yake alisubiri mwaka mmoja. Mwaka huo aliutumia kwa fundi wa kusuka mota, siku nne kwa wiki, akifagia kwanza, kisha akivua waya zilizoungua na kuhesabu mizunguko, na mwishoni akisuka mwenyewe. Maombi yalipofunguliwa tena, fundi alimwandikia barua ya sentensi tatu: kwamba hufika kabla ya karakana kufunguliwa, kwamba huuliza kabla ya kukata waya, na kwamba siku moja alikosea hesabu ya mizunguko, akaja kusema mwenyewe kabla mota haijawashwa. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika kurasa nne kumhusu, na hakuna sentensi yangu hata moja inayofikia ile ya tatu. Sasa yuko chuoni, anasomea umeme.

Binti ana miaka 16. Ratiba anaipanga mwenyewe, na tarehe za usajili ameziandika ukutani kwa kalamu nyekundu, pengine kwa kunisuta. Wiki iliyopita nilimwomba anionyeshe insha yake kabla hajaituma kwa mwalimu.

“Usiisome, Mama,” alisema. “Wewe utaielewa tu.”

Akaituma.