Vua Soksi

Mwaka wa nne tangu dada yangu anipe figo, niliingia kliniki ya ngozi Dar es Salaam nikiwa na kofia pana na shati la mikono mirefu. Kule India nilikopandikizwa walinisisitizia nijikinge na jua, kwa kuwa dawa zinazozuia mwili usiikatae figo hushusha kinga, na ngozi hubaki wazi kwa saratani. Nilitii. Ila moyoni niliamini hayo ni mambo ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino.

Daktari alinikagua masikio, midomo, mgongo. Kisha akasema, "Sasa vua soksi."

Niliona haya, miguu ilikuwa na vumbi la kituo cha daladala. Yeye akainama, akaushika wayo wangu wa kushoto, akausogeza kwenye taa. Karibu na kisigino palikuwa na baka la zambarau, dogo kama punje ya harage. Nilishaliona miezi miwili nyuma, nikadhani nilikanyaga jiwe.

"Kwetu weusi, saratani ya ngozi mara nyingi hujificha jua lisikofika," alisema. "Nyayoni, chini ya kucha, sehemu za siri. Usikague uso tu."

Wakakata kinyama, kikapelekwa maabara. Majibu: saratani ya Kaposi. Dada, aliyekuwa ameketi kando yangu, akashika kichwa. Sisi tuliokua miaka ya tisini tunalijua jina hilo. Mjomba wetu alizikwa na mabaka yale, na watu walinong'ona hadi makaburini. Nikapimwa UKIMWI tena, sina. Daktari akatufafanulia bila haraka: saratani hii huletwa na kirusi kingine, si cha UKIMWI, wengi wetu Afrika Mashariki tunacho na kimelala tu. Kinga ikishushwa, kinaamka.

Dada aliuliza swali moja: "Dokta, figo itabaki?"

Kuacha kabisa dawa za kushusha kinga kungeiua figo. Daktari wa figo akaniondolea taratibu takrolimusi, moja ya dawa hizo, akanianzishia nyingine, sirolimusi, ambayo huilinda figo na pia huikandamiza Kaposi. Kila wiki nilitolewa damu, na kila wiki nilikosa usingizi nikisubiri majibu. Mwezi wa tatu baka likawa kivuli tu.

Siku hizi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi dada huja na tochi. Nakaa barazani, naweka miguu mapajani mwake, naye huanzia katikati ya vidole.