Mwimbo Yenyewe Itaanza Wakati Gani

Leo ni siku ya tisa na bado nalisikia swali la Nkambo, bibi yetu, kuhusu wimbo wangu. Yaya, dada yangu mkubwa, amejifungua Jumatano, mtoto wa kiume, kilo 3 na nusu, wote wazima, aksanti kwa salamu zenu. Na ndiyo, wimbo umetoka, redio mbili za hapa Lubumbashi zimeupiga. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo niacheni na Nkambo.

Ilikuwa Jumapili, Katuba, baada ya misa, chini ya ule mwembe wake. Tulikuwa tumemaliza bukari (ugali wetu) na samaki wa tomson, Nkambo ameshanawa, ameegemea ukuta. Mdogo wangu ndiye aliyenichongea: "Nkambo, yaya alitosha mwimbo!" (yaya hapo ni mimi, yaani nimetoa wimbo). Basi nikatumbukiza simu ndani ya kikombe cha bati, kile cha bluu kilichobanduka rangi mdomoni, ili sauti ikue kidogo, nikabonyeza. Nkambo akageuza sikio lake zuri, la kulia. Akafumba macho. Alisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, asikose jina la mtu. Kisha, macho bado yamefumba:

"Sasa, mwimbo yenyewe itaanza wakati gani?"

Nami nikajibu: "Sasa hivi, Nkambo."

Sasa hivi! Miezi minne ya kazi, halafu mdomo wangu mwenyewe unasema sasa hivi.

Mliosoma huku tangu mwanzo mnajua usiku ngapi nimelala kwa Fundi, anayenirekodi, pale Kenya (Kenya yetu ya hapa, si ya Nairobi, kila mwezi kuna mtu ananiuliza). Chumba kimoja, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani kumeza mwangwi, na sisi tunasubiri umeme urudi saa saba, saa nane za usiku. Sauti niliyoipenda kuliko zote tuliitupa, maana jenereta ya jirani ilikuwa imeingia kwenye mikrofoni, na jenereta haijui kufuata mapigo 124 kwa dakika. Tukaanza upya. Ngoma kubwa kwenye kila pigo, moja mbili tatu nne, haipumziki. Kinanda Fundi alikifunga kwenye ngoma, kila inapopiga kinajikunyata, ikishapita kinainuka, ndiyo maana mkicheza mnahisi wimbo unahema. Sauti yangu ikapita kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, kidogo tu, aliapa, siyo kama yule mwimbaji Cher kwenye "Believe" mwaka 1998.

Mwanzoni kabisa niliweka karindula. Niliipenda ile karindula. Pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, binamu amekaa juu yake anaipiga hadi dirisha linatetemeka. Fundi akaikata. "Spotify haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka mtu afikishe sekunde 30," akasema. "Ukimkawiza huyo msikilizaji, ameshakwenda." Tukabaki na mizunguko minane ya besi na pumzi yangu, sekunde 15 na nusu, kisha ninaingia.

Kwa hiyo tulimkimbilia mtu ambaye hata hatumjui, asiye na subira. Nkambo, ambaye hakuwa anakwenda popote, hatukumfikiria hata siku moja.

Bado sijafika penye kuuma. Wimbo ulikwisha, dakika mbili na sekunde 40. Nkambo hakusema kitu, naye bado alikuwa amefumba macho. YouTube, kama ilivyo tabia yake, ikaleta wimbo mwingine bila kuombwa: mwanamke fulani wa zamani, gitaa mbili, Kiswahili cha taratibu, anamlilia mume aliyekwenda migodini. Nilinyoosha mkono nizime. Nkambo akaniwahi kwa kiganja, hivi, usiguse.

"Aa. Ndiyo hii sasa." Akatikisa kichwa polepole. "Mwanangu, unaimba muzuri."

"Aksanti, Nkambo."

Nimeandika nilivyosema. Nilipokea sifa za mtu mwingine kwa mikono miwili, kama mtoto anayepewa karanga. Na kwa vile sikuweza kumtazama usoni, niliangalia chini, nikatazama miguu yake mpaka ule wimbo ukaisha.

Tangu siku hiyo narudia lile swali. Nikiwa kwenye mashine ya fotokopi nalirudia, mteja anasema nakala tano mimi natoa kumi na tano. Alisema "yenyewe" kwa sauti ipi? Ilikuwa dharau? Nkambo hana dharau, ana haraka ya kujua tu. Au alikuwa ananitania? Na swali lenyewe halikai mahali pamoja. Jumatatu nilikuwa na hakika aliuliza mapema, sekunde ya kumi au ya kumi na tano. Kufikia Alhamisi nilishaliona likija baada ya kiitikio cha pili, nimeshaimba kila nilicho nacho.

Alhamisi hiyo usiku nilimpigia Fundi nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza swali la kifundi: "Ulimsikilizisha kwa kitu gani, bafle (spika kubwa) au simu?" Simu, nikasema. Ndani ya kikombe. Akanyamaza kidogo. "Basi hakusikia kitu, mama. Besi yetu iko chini kabisa, karibu hertzi 50. Kispika cha simu hakina kifua cha kuitoa."

Nikatia simu kwenye kikombe changu cha chai, nikajaribu. Jamani. Kwa sekunde 15 na nusu za mwanzo unasikia tik tik tik kama saa ya ukutani, na mtu anayepumua. Basi! Kama ningekuwa Nkambo ningeuliza pia. Nilianza kucheka peke yangu jikoni, kicheko cha kukaa chini, mpaka jirani akagonga ukuta. Wimbo wangu haukuwa mbaya, ulikuwa haujaanza! Nililala vizuri usiku huo mmoja.

Asubuhi nikamwambia mdogo wangu, naye, ana miaka kumi na minne na hajui huruma, akasema: "Hapana, yaya. Ulikuwa umeshaimba. Ulikuwa unasema nishushe hapa, nishushe hapa, ndipo Nkambo akauliza."

Kiitikio, basi. Kiitikio chenyewe.

Fundi ana maelezo ya hilo pia, yeye hakosi maelezo. Anasema wazee wetu wamezoea wimbo wenye sehemu mbili. Kwanza maneno, taratibu, watu wamekaa, wanasikiliza nani kamwacha nani. Halafu gitaa zinageuka, sebene inaingia, atalaku, mchochea dansi, anaanza kupiga kelele, viti vinasogezwa. Sisi tumempa sebene tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo bado alikuwa anangoja aambiwe kisa. Inawezekana. Nkambo alizaliwa 1947. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wetu wa Katanga, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 yeye alikuwa na miaka mitano, na hadi leo kwake gitaa ni ile ya kidole gumba na cha shahada, mtu mmoja unadhani ni wawili. Kwa sikio la namna hiyo, mimi na ngoma yangu ya moja mbili tatu nne ni fundi seremala anayepigilia misumari.

Na kisa kipo! Msichana yuko ndani ya taksi-basi, anamwona mchumba wake barabarani na mwingine, anamwambia dereva nishushe hapa. Neno "hapa" likitoka, ngoma inashuka. Nilijiona mwerevu sana nilipolitunga hilo.

Ijumaa jioni nilipanda basi la kurudi Kamalondo, kumbe wanaupiga. Bafle kubwa chini ya kiti cha nyuma, besi inapanda hadi kwenye meno. Kondakta kila mtu akisema nishushe, yeye anamalizia "haaapa!" na basi zima linacheka. Mama mmoja mwenye ndoo ya sombe (kisamvu) alikuwa anatikisa bega moja tu, lile lisiloshika ndoo. Sikusema ni mimi. Nilipitiliza kituo changu, nikashuka mbali, nikarudi kwa miguu nikitabasamu kama mwehu.

Kisha jana Nkambo akapiga simu, yeye mwenyewe, kwa inite (salio) zake. Anataka siku ya ubatizo wa mtoto wa yaya tupige mwimbo wangu. "Ile ya magitaa," akasema. Ameshawaambia wamama wote wa jumuiya.

"Ndiyo, Nkambo," nikasema.

Nilitaka kumwuliza kuhusu mguu nikasahau. Jumapili ile, nilipokuwa nimeinamisha uso, niliona wa kushoto umevimba, kamba ya ndara ameifungua, ngozi inang'aa. Mdogo wangu alipouliza alijibu ni joto la Oktoba. Wa kulia haukuwa umevimba, na joto ni lile lile. Yaya ndiye huwa anampeleka hospitali, naye sasa ana mtoto wa siku chache, nami bosi hanipi ruhusa kabla ya Jumatano.