Tresor, klabu yenye lebo yake

Jamani wapenzi wa techno, ule muziki wa dansi wa mashine, Unguja na Pemba, kama bado mnatumiana vipande vya dakika moja tu wasapu basi katafuteni lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Tresor ya Berlin, hawa ni klabu kwanza, ilofunguliwa 1991 chini ya ardhi, kwenye chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani, na mwaka huohuo wakaanza kutoa rekodi zao wenyewe, ma-DJ wa Detroit, Marekani, kama Jeff Mills wakapata mlango wa Ulaya. 2005 wakahama pale, 2007 wakafungua tena kwenye mtambo wa umeme wa zamani.

Mie rekodi mpya nazipenda lakini seti, yaani ngoma DJ anazozichanganya mfululizo, iliyorekodiwa laivu ndo khasa, maana unamsikia DJ anavyoiingiza ngoma ya pili taratibu, besi ya kwanza anaikata, zinabaki hihati, vile visahani vya dramu, peke yake, chini hamna kitu, halafu kiki, ule mdundo mzito, inarudi na watu wanapiga kelele wallahi mwili unasisimka. Ma-DJ wetu wa Paje wengi wanaharakisha hapo, ngoma inabadilishwa mtu hajakolea. Iacheni ipumue bwana!

Seti ndefu pakueni kwa wifi, bando halitoshi.