Punje za ufuta

Julai 2016 nilikuwa na miaka 23, utingo wa trela iliyobeba mafuta ya kupikia kutoka Mombasa kwenda Juba. Tulifika Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, pamoja na habari kwamba Juba risasi zinalia. Malori yakapanga mstari na kuzima injini. Waliokuwa wakivuka walikuwa wakija upande wetu, akina mama na watoto, magodoro kichwani.

Utingo lori likisimama hana kazi ila kula na kulala chini yake. Mimi nilikula ufuta. Kule kaskazini wanaukaanga vizuri mno, na kifuko cha shilingi 500 za Uganda kilinitosha asubuhi nzima. Siku ya pili nikahisi kitu kinanifinya nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kushoto. Nikakipapasa kwa ulimi. Nyama ilikuwa imetuna, laini, na mate yalikuwa na ladha ya sarafu.

"Jino bovu hilo," akasema mzee wangu, yaani dereva, bila hata kutazama. Alikuwa mtu wa Changamwe, na barabarani alikuwa ndiye fundi, hakimu na daktari. Akanipa aspirini, akaniamuru nisiimeze bali niibane pale pale panapouma. Nilimtii. Kulipokucha ngozi ya ndani ya shavu ilikuwa nyeupe, inabambuka kama ya mtu aliyeungua, na kweli niliungua: ile dawa ni asidi, na hutuliza maumivu ikishamezwa. Sasa nilikuwa na vidonda viwili. Mzee akaniambia hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Aliyenisaidia kidogo ni mama muuza uji, Mnubi wa Bombo, mji ulio karibu na Kampala, aliyehamia Elegu kwa biashara. Alikoroga nusu kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu, akasimama mbele yangu kama anayesubiri deni. "Sukutua, mwanangu. Usiteme haraka, yaache yakae upande huo." Nilisukutua mara tano, mara sita kwa siku. Karafuu pia alinipa, nikaitafuna taratibu, pakafa ganzi kwa muda. Kila baada ya kusukutua nilipata nafuu ya saa moja hivi, kisha maumivu yakarudi na kupanda hadi sikioni.

Siku ya nne mdomo ukagoma kufunguka. Vidole viwili vikisimama havikupita katikati ya meno. Chini ya taya palikuwa na tezi ngumu kama kokwa la zambarau, na usiku nilitetemeka kwa homa katika joto lile la Elegu. Sokoni palikuwa na jamaa mwenye koleo aliyesifiwa kwa kung'oa kwa dakika moja. Nikaenda kumtafuta. Mama wa uji alinikuta njiani, akanishika mkono kama mtoto, akanirudisha kwa mzee: "Huyu kijana ana mama yake Mombasa. Mpeleke Gulu."

Mzee hakuweza kuliacha lori, akanipa nauli ya kwenda Gulu, mji mkubwa wa kaskazini mwa Uganda. Ilikuwa tarehe 14, siku ambayo msafara wa jeshi la Uganda ulikuwa ukielekea Juba kuwatoa raia wao. Matatu yetu ilisogea kando magari ya kijeshi yapite. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nililisikia jinoni. Abiria wote walikuwa wakizungumza vita, mimi nikitamani mtu anipige tu nizimie.

Daktari wa meno wa Gulu alikuwa dada mdogo wa umri, Mwacholi, kabila la huko. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili alikiokota kambini, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha amri tu. "Kaa! Fungua! Tema!" Kule watu wengi wamekisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa wenye bunduki, na mimi wa Pwani, niliyelelewa kwa "tafadhali" na "hebu", nilijikuta nikitii kama kuruta.

Nikamwomba aling'oe. Akakataa. Alisema penye uvimbe na usaha ganzi haishiki vizuri, na mdomo wenyewe haufunguki, atapitisha wapi vyombo? Akachukua bomba la sindano lenye ncha butu, akaliingiza chini ya ile nyama iliyotuna, akasukuma maji ya chumvi. Nililia, sioni haya kusema. Kwenye bakuli vikatoka usaha, damu, na punje za ufuta. Nne. Nilizihesabu.

Alicheka, kisha akanipa kioo. Jino halikuwa na tundu hata moja. Ni gego la mwisho, lile linalochelewa kuota, nalo lilikuwa limechomoza nusu; nusu ya pili ilifunikwa na ufizi kama mfuniko. Chakula huingia chini yake, mswaki haufiki, vijidudu vinastarehe. Ufizi ukivimba, gego la juu huugonga kila unapofunga mdomo, nao huzidi kuvimba. Kwa sababu ya homa na lile tezi alinipa amoksilini na Flagyl za siku tano, pombe marufuku. Akanionya kwamba nikishindwa kumeza mate, au uvimbe ukishuka shingoni, au pumzi ikiwa nzito, nisingoje kuche, nikimbilie hospitali kubwa. Uvimbe ukiisha nipigwe picha ya eksirei, ndipo ijulikane kama jino litolewe au liachwe.

Nilirudi Elegu kesho yake. Siku ya tatu ya dawa nilikula chapati, polepole, upande wa kulia. Mama wa uji akanijia mbio.

"Limetoka?"

Nikafungua mdomo kadiri ulivyokubali. Akachungulia, akaliona gego liko pale pale.

"Sasa hela za watu ulilipia nini?"

"Kuoshwa," mzee akajibu kutoka chini ya lori, akaendelea kutafuna ufuta wangu.