Nilivyorudishiwa kutetemeka kwangu

Nilipomwambia wifi yangu kwamba nafurahi kutetemeka, alidhani nimechanganyikiwa. Najidunga insulini mwaka wa 13 huu, jamani, nina haki ya kufurahi.

Zamani sukari ikishuka nilijua mapema: mikono inacheza, jasho shingoni, moyo mbio. Ni adrenalini hiyo, homoni ya kuushtua mwili. Asiye na kisukari hata hafiki huko. Insulini yake inapungua, kongosho linatoa glukagoni, homoni ya kuliamuru ini, ini linafungua ghala na kumwaga sukari. Sisi wa aina ya kwanza, insulini ikishadungwa hairudi nyuma, na glukagoni kwa wengi wetu hususa baada ya miaka michache. Anabaki mlinzi mmoja, adrenalini, na mimi nilimchosha. Karibu kila siku kipimo 3.0, 2.9 (mmol/L, na chini ya 4 ni kushuka), nami najisifu kliniki eti sukari yangu nzuri! Mwili ukizoea kushuka, unaacha kupiga kelele.

Siku hiyo nauza zabibu soko la Majengo. Wifi akaniuliza, "Wifi, chenji ya mtu unaihesabu mara ya nne, vipi?" Nikamfokea. Noti ya elfu mbili naiona, ila sijui ni ya nini. Jirani wa meza ya pili, bingwa wa ushauri, akaleta karanga: "Tafuna, zina nguvu hizo!" Nikatafuna. Kipimo 2.4. Robo saa baadaye 2.3, maana karanga ni mafuta, zinajivuta tumboni. Na mbele yangu kreti nzima ya zabibu! Wifi akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akaninywesha kama mtoto.

Daktari akapunguza dozi, akasema wiki tatu nisishuke kabisa chini ya 4. Napima kabla ya kulala, naamka saa tisa usiku napima tena. Hela ya stripu za kupimia msiniulize, imekula mtaji. Pindoni mwa khanga, wenzangu wanapofunga hela, mimi nafunga glukosi ya unga.

Wiki ya tatu, nasonga ugali wa uwele, mwiko ukaanza kunichezea mkononi. Jasho. Nikapima: 3.4. Nikaita, "Wifi! Njoo uone!" Akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari, akanikuta nimekaa chini, mdomo mweupe kwa glukosi, nacheka, na ugali unaungua.