Betri imejaa, taa haiwaki
Napokea simu za wateja wa sola hapa Kigoma mjini. Vifaa vinauzwa kwa mkopo: ukilipa unatumiwa namba, unaziingiza kwenye boksi, taa zinawaka. Siku ulizolipia zikiisha, boksi linajifunga.

Wiki za mbalamwezi ndizo mbaya kwetu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni na hela inakauka. Juzi kapiga mama mmoja wa Kibirizi. "Marahaba mwanangu. Jua kali lote hili, kifaa chenu kimekufa." Kwenye kompyuta yangu betri yake imejaa pomoni. Hakijafa. Tumemfungia sisi.

Ila karatasi ya maelekezo inataka kwanza nimwambie azime, asubiri, awashe. Deni lije mwishoni, kwa upole. (Aliyeiandika nina hakika hajawahi kulala giza.) Akazima. Nikamsikia anamwita mjukuu amsaidie kubonyeza. Nilipofika kwenye deni akanikata: "Kwa hiyo ulikuwa unajua muda wote huu?"

Supavaiza alikuwa anasikiliza. Akanisifu kwa kufuata utaratibu.